Nyongeza za Michezo ya Video: Zipi Zastahili Fedha Yetu?

Ndugu mmoja, baba wa watoto watano, alitujia siku moja baada ya Misa, uso wake umekunjamana. Mwaka uliopita alikubali, baada ya kusihiwa sana, kumnunulia mwanawe wa kwanza mchezo wa video wa kutumia katika mashine ile ambayo shangazi yao aliwaletea kutoka Ulaya. Alilipa, kijana akafurahi, neno likaisha. Sasa kijana amerudi na ombi jingine: ule mchezo una «nyongeza», nayo huuzwa mbali. «Ninyi mnaosoma mambo ya siku hizi, akasema, mnijibu. Je, nilinunua mchezo mzima ao nusu? Yule aliyeuza ameniibia?»

Tulimwuliza jina la nyongeza hiyo. Hakulijua. Hapo twaona shida ya kwanza, maana neno hilo moja hutumiwa kwa vitu visivyofanana hata kidogo. Huku ni nchi nzima mpya, yenye miji yake, watu wake na kisa chake. Huku ni kofia moja ya kumvika mtu wa mchezoni. Vyote viwili huwekwa katika duka lilelile la intaneti, kimoja karibu na kingine, na picha zao zina ukubwa mmoja. Asiyejua atadhani ni watoto wa baba mmoja.

Basi twaandika maneno haya kwa ajili ya ndugu huyo, na kwa ajili ya wazazi wengine wenye kuulizwa swali hilohilo, na kwa vijana wanaojilipia wenyewe kwa fedha ya jasho lao. Hatutaki kusema kama michezo ya video ni mizuri ao mibaya. Hayo yamesemwa mara nyingi, tena mara nyingi na watu wasioicheza. Twatafuta jambo moja tu: kitu hiki chauzwa, je, chastahili bei yake?

Nyongeza si jambo la jana. Mwaka 1998 kampuni Blizzard, ya California katika Marekani, ilitoa mchezo wa vita uitwao StarCraft. Mwaka huohuo ikatoa nyongeza yake, Brood War. Wakati ule nyongeza ilikuja katika sanduku la karatasi ngumu, ndani yake sahani ya kompyuta na kijitabu. Sanduku lapaswa kutengenezwa, kupakiwa katika gari, kuwekwa dukani, na mwenye duka atwae sehemu yake. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kutia kofia moja ndani ya sanduku na kuiuza. Ilimpasa muuzaji kujaza sanduku lake, ama sivyo angepata hasara. Gharama ilikuwa kama mlinzi mlangoni: vitu vidogo havikupita.

Mlinzi huyo akaondoka mashine za nyumbani zilipounganishwa na intaneti. Hasa tangu Xbox 360, iliyotoka mwisho wa mwaka 2005, kampuni iliweza kuuza kitu chochote, hata kidogo kama kifungo cha shati, na mnunuzi akakipakua akiwa amekaa kitini pake.

Haikupita miezi sita. Mwezi wa 3 wa mwaka 2006 kampuni Bethesda, yenye makao yake Rockville katika jimbo la Maryland, ilitoa mchezo The Elder Scrolls IV: Oblivion. Ni mchezo mkubwa. Mtu hupanda farasi na kuzunguka nchi pana ya kubuniwa, akiingia mijini na mapangoni, akisaidia watu ao akiwaibia, apendavyo mwenyewe. Mwanzoni mwa mwezi wa 4 wakaanza kuuza nyongeza yao ya kwanza, ndiyo deraya ya farasi. Kwa wenye Xbox 360 bei ilikuwa dola 2 na senti 50. Mnunuzi alipata nini? Vazi la chuma la kumvika farasi wake. Kulikuwa na aina mbili, mtu achague. Basi. Hakuna kisa, hakuna mahali papya pa kwenda.

Wachezaji wengine walicheka, wengine walikasirika. Tangu siku zile maneno hayo mawili, deraya ya farasi, yamekuwa kati yao kama methali: mtu akiuza kitu cha bure kwa fedha, husema, tazama, deraya ya farasi. Bethesda wenyewe walijua. Siku ya 1 Aprili 2009, siku ya mzaha, walipunguza bei ya nyongeza zote za mchezo ule, ila hiyo ya farasi wakaizidisha mara mbili. Na mwaka 2025, Oblivion ilipotolewa tena kwa sura mpya, wale waliolipa zaidi ili kupata toleo la anasa walipewa, kati ya mambo mengine, deraya mpya za farasi. Twakiri kwamba tulicheka sisi pia.

Lakini kosa lenyewe lilikuwa wapi? Wengi wasema, ni bei. Sisi hatusadiki. Dola mbili na nusu si mali nyingi kwa mtu wa Maryland (kwetu ni neno jingine, tutarudi kwake). Wengine wasema, pambo si kitu, asiyejua kucheza ndiye hununua mapambo. Hilo nalo si kweli. Mama anunuaye kitenge kizuri kwa sikukuu hadanganyiki. Anajua anachonunua, na watu watamwona. Katika michezo ya kuchezwa na wengi pamoja, vazi la mtu wako huonwa na wenzako, na furaha hiyo ni furaha ya kweli, hata ikiwa ndogo. Oblivion, lakini, huchezwa na mtu peke yake chumbani mwake. Farasi apambwe ili aonwe na nani? Mwenye kununua alimvika mnyama wake, akamtazama dakika mbili, akaendelea na safari ileile, kwa njia zilezile, kuwaendea watu walewale. Hakuna jambo alilofanya kesho yake ambalo hangelifanya bila deraya. Hiyo ndiyo kasoro, na dola hata moja ingalikuwa nyingi.

Sasa tazama. Baada ya mwaka mmoja hivi, mwezi wa 3 wa mwaka 2007, watu walewale wa Bethesda, kwa mchezo uleule, walitoa Shivering Isles. Bei yake ilikuwa dola 30, maana yake mara kumi na mbili ya bei ya deraya. Wala hakuna aliyecheka. Katika ghuba ya nchi ya Oblivion kilionekana kisiwa kidogo chenye mlango wa ajabu. Ukiupita, wafika katika nchi ya Sheogorath, mkubwa wa wendawazimu. Nchi yenyewe imegawanyika sehemu mbili. Upande mmoja ni wa wenye wazimu wa kucheka: miti yang'aa, rangi zazidi, watu wafanya karamu. Upande wa pili ni wa wenye wazimu wa hofu: matope, giza, kila mtu amdhania jirani yake kuwa mwuaji. Hata katika mji mkuu ukuta wazigawanya pande hizo. Mchezaji hutumwa na Sheogorath kufanya kazi, na polepole atambua kwamba bwana huyu mwenye kuchekesha aogopa jambo fulani, na kwamba yule aogopwaye yu karibu kuliko ilivyofikiriwa. Mwisho wake hatuusemi kwa mwenye kutaka kucheza.

Kwa nini hii ilistahili? Si kwa ukubwa tu. Mchezo wa kwanza, kwa uzuri wake wote, ulikuwa na miji mingi yenye kufanana, misitu ya kijani yenye kufanana, na mashujaa wenye kusema kwa sauti ya kuhubiri. Waliotengeneza nyongeza walijua udhaifu huo. Wakafanya kile ambacho mchezo wa kwanza haukuthubutu: wakacheza, wakachekesha, wakatisha. Aliyekwisha kuchoka na Oblivion alirudi akakuta kwamba mikono ileile yaweza kufanya kazi nyingine. Kwetu hiyo ndiyo alama kubwa ya nyongeza njema: mwenye kuimaliza huutazama mchezo wa kwanza kwa macho mengine.

Twende sasa Polandi, maana huko twapata mfano unaopita huo. Kampuni CD Projekt ya mji wa Warszawa ilitoa mwaka 2015, mwezi wa 5, mchezo The Witcher 3, unaofuata watu na nchi ya vitabu vya mwandishi Andrzej Sapkowski. Tuseme wazi kwa wazazi: si mchezo wa watoto. Katika Ulaya una alama ya miaka 18, na kwa haki. Kijana wa ndugu yetu ana miaka 20, yuko chuoni. Tungekuwa na maneno mengine kama angekuwa na 12.

Kabla ya mchezo kutoka, kampuni hiyo iliahidi nyongeza ndogo 16 bila malipo kwa kila mnunuzi: ndevu za kubadili, nguo, hata matandiko ya farasi. Yaani vile vitu ambavyo wengine wameviuza, wao walivigawa bure. Halafu wakauza mbili kubwa tu: Hearts of Stone, mwezi wa 10 wa mwaka 2015, karibu dola 10, na Blood and Wine, mwezi wa 5 wa mwaka 2016, karibu dola 20.

Blood and Wine ndiyo isifiwayo zaidi. Humpeleka shujaa Geralt katika nchi ya Toussaint, nchi ya mashamba ya mizabibu na mashujaa wenye majivuno, ambako anapewa nyumba yake mwenyewe na shamba lake, naye ni mtu ambaye maisha yake yote alilala penye moto wa njiani. Twaisifu nasi. Lakini tukiulizwa tuchague moja, twachagua ile ndogo.

Kisa cha Hearts of Stone ni hiki. Olgierd von Everec, mtu wa ukoo mkubwa uliofilisika, alitaka kumwoa Iris, na wazazi wa msichana hawakumtaka maskini. Akafanya mapatano na mtu mmoja mpole, mwenye nguo za mchuuzi, aitwaye Gaunter O'Dimm, auzaye vioo. Akapata mali, akapata mke. Na kwa kuwa alitaka maisha bila hofu ya kesho, akapewa hayo pia: hafi. Lakini moyo wake ukawa jiwe. Mke aliyempigania hamwonei tena lolote, na mke afa polepole kwa upweke katika nyumba kubwa. Geralt, aliyenaswa naye katika deni la O'Dimm, apaswa kutimiza maombi matatu ya Olgierd. La kwanza ni kumfurahisha ndugu yake usiku mmoja. Kumbe ndugu huyo alikwisha kufa zamani. Basi roho ya marehemu yaingia mwilini mwa Geralt, na wote wawili waenda arusini kijijini, kucheza ngoma na kufukuza nguruwe. Twacheka sana. Halafu usiku waisha, roho yasihi iachiwe kidogo tena, na kicheko chakauka.

Wapolandi wanayo hadithi ya kale ya bwana Twardowski, aliyemwuzia shetani roho yake kwa sharti kwamba itachukuliwa katika Roma tu, naye akajisemea kwamba hatakwenda Roma kamwe. Akanaswa katika nyumba ya wageni iliyoitwa Roma. Husimuliwa kwamba alimlilia Bikira Maria, shetani akamwachilia angani, na hata leo yuko mwezini. Waliotengeneza nyongeza hii waliijua hadithi hiyo tangu utoto wao, na twaona: katika mapatano ya Olgierd imeandikwa kwamba roho yake itachukuliwa watakapokutana mwezini, naye alijiona salama. Mahali pa mwisho ni hekalu lililobomoka, na sakafuni pake, kwa vipande vya mawe, imechorwa sura ya mwezi.

Mwisho huo wampa mchezaji shauri gumu: kumwacha Olgierd achukuliwe, maana ametenda maovu mengi, ao kuhatarisha nafsi yake mwenyewe kwa ajili yake. Tulikaa na shauri hilo kwa muda, mikono haikugusa mashine. Hayo kwa dola 10. Katika mchezo mkubwa wenyewe, wenye saa zaidi ya mia kwa atakaye kuona yote, ni mambo machache yatupigayo namna ile.

Tumetaja saa. Wapo wenye kupima nyongeza kwa saa: dola ngapi, saa ngapi, gawanya. Watengenezaji nao wamejua, na katika matangazo yao hutangaza saa. CD Projekt wenyewe walisema kumi kwa Hearts of Stone, ishirini kwa Blood and Wine. Hesabu hiyo si ya kudharau, hasa kwa mwenye fedha kidogo, lakini hudanganya kwa urahisi. Ni kazi rahisi sana kujaza saa: mtawanye mchezaji nchi nzima akusanye manyoya mia, umrudishe akusanye mengine mia. Saa zitahesabika, na mtu atasimama amechoka kama aliyepalilia shamba la mwingine. Mwenye kuuliza «saa ngapi?» na aulize tena: «katika saa hizo nitafanya nini?»

Sasa tugeukie upande mbaya, na hapa swali la ndugu yetu, kuhusu kuibiwa, lapata nguvu.

Mwaka 2012 kampuni Capcom ya Japani ilitoa mchezo Asura's Wrath, kisa cha mungu wa kubuniwa aliyenyang'anywa binti yake. Aliyeumaliza aliona kisa kimekatika. Mwisho wa kweli ukaja baadaye, mwaka uleule, nao ukauzwa kama nyongeza. Tuseme nini? Mtu akiuza kitabu cha hadithi, akaziweka nyuma kurasa za mwisho ili aziuze peke yake, sisi hatuna jina jema la kumpa. Na ubaya wazidi kwa kuwa kurasa hizo zilikuwa nzuri.

Mfano wa pili una ubishi zaidi. Mwezi wa 3 wa mwaka 2012 ulitoka Mass Effect 3, wa kampuni BioWare ya Kanada, sehemu ya tatu na ya mwisho ya kisa kirefu cha safari za nyota. Katika sehemu zote tatu husemwa habari za taifa la kale, Prothean, lililoangamizwa na adui yuleyule anayekuja sasa. Siku ileile ya kutoka kwa mchezo, iliuzwa kwa dola 10 nyongeza iitwayo From Ashes. Ndani yake yumo Prothean wa mwisho, aliye hai, aitwaye Javik, ambaye hufuatana nawe mchezo mzima. Watu wakalia: huyu si kofia, huyu ni shahidi wa kisa chote! Tena ilionekana kwamba sehemu ya kazi yake ilikuwamo tayari katika sahani waliyonunua dukani.

Watengenezaji walijitetea, na utetezi wao wafaa kusikiwa. Mchezo mkubwa ukimalizika kuandikwa, hupita muda wa kukaguliwa na kuchapwa sahani. Katika muda huo mafundi wengi hawana kazi. Wakitumiwa kutengeneza nyongeza, hawakumnyang'anya mnunuzi kitu. Twakubali. Fundi wa nyumba akimaliza nyumba mapema, akajenga banda la kuku, ana haki ya kuuza banda. Lakini Javik si banda. Aliyecheza pamoja naye, kisha akacheza bila yeye, ajua kwamba sehemu kadha zabaki kama meza iliyoondolewa kiti. Kwa hiyo hatuulizi kazi ilifanyika siku gani. Hilo mnunuzi hawezi kulijua. Twauliza: nikiuchukua mchezo bila nyongeza hii, je, unasimama? Oblivion wasimama bila Shivering Isles. The Witcher 3 wasimama bila Olgierd. Asura's Wrath hausimami bila mwisho wake. Ndilo swali ambalo tungetaka kila mwandishi wa magazeti ya michezo alijibu kwanza, kabla ya kusifu picha.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi hulisahau: nyongeza iliyonunuliwa yaweza kupotea. Mchezo Destiny 2, wa kampuni Bungie ya Marekani, huchezwa kwa kuunganishwa na mashine za kampuni. Uliuzwa mwaka 2017, na nyongeza zake mbili za kwanza, Curse of Osiris na Warmind, zikafuata mwezi wa 12 wa mwaka ule na mwezi wa 5 wa mwaka 2018. Mwezi wa 11 wa mwaka 2020 kampuni iliziondoa, pamoja na kisa cha kwanza cha mchezo na sayari nzima ambapo watu walicheza. Mwezi wa 2 wa mwaka 2022 ikaondoa pia kisa cha Forsaken, nyongeza kubwa ya mwaka 2018. Sababu iliyotolewa: mchezo umekuwa mkubwa mno, wazidi nguvu za mafundi kuutunza. Yaweza kuwa kweli. Lakini waliolipa walilipa, na leo hawawezi kuingia. Aliyenunua Brood War katika sanduku mwaka 1998 anaweza kuicheza mpaka leo, kama sahani yake haikukwaruzwa na watoto.

Na mbaya kuliko zote ni nyongeza ambayo mnunuzi hajui atapata nini. Huuzwa sanduku la kubuniwa, lililofungwa. Ndani yake labda mchezaji hodari wa mpira, labda wa hovyo. Ukikosa, nunua jingine. Kwa maneno mengine, bahati nasibu. Hapa habari yafika karibu nasi, kwa njia ya Ubelgiji, ambako wengi wetu tuna ndugu. Mwezi wa 4 wa mwaka 2018 tume ya Ubelgiji yenye kusimamia michezo ya kamari ilikata shauri kwamba masanduku hayo katika FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive yavunja sheria ya kamari. Adhabu yaweza kufika faini ya euro 800,000 na kifungo cha miaka mitano, na zaidi kama watoto wahusika. Kampuni zikaanza kuyaondoa huko; kampuni ya FIFA iliacha kuwauzia Wabelgiji pointi za kununulia vifurushi vya wachezaji mwishoni mwa mwezi wa 1 wa mwaka 2019. Mpwa wetu aliye Liège alilalamika kwa simu kwamba timu yake itakuwa dhaifu. Tulimjibu kwamba wachezaji wale aliowapata kwa fedha ya mwaka mzima hawavuki kwenda katika toleo la mwaka unaofuata, na angaanza tena bila kitu. Alinyamaza kidogo, akauliza habari za bibi yake.

Tulisema tutarudi kwetu. Hapa kwetu bei iliyoandikwa dukani si bei yote. Nyongeza kubwa ni gigabaiti nyingi. Sisi wenyewe tulinunua kifurushi cha intaneti cha kutosha, tukaanza kupakua jioni, umeme ukakatika usiku wa manane, na ulipokuja muda wa kifurushi ulikuwa umekwisha. Tulinunua kingine. Nyongeza ya dola 10 ikawa kama ya 20. Kwa sababu hiyo toleo kamili laweza kutufaa zaidi. Kwa The Witcher 3 lilitoka mwezi wa 8 wa mwaka 2016 toleo lenye mchezo na nyongeza zote mbili, na bei yake ilikuwa chini ya kununua kimoja kimoja. Anayeweza kungoja mwaka na angoje.

Tena katika nyumba zetu mashine moja huchezwa na watoto sita, na wa jirani. Kwa wenye Nintendo Switch na Mario Kart 8 Deluxe twasifu bila kusita nyongeza yake ya njia za mashindano: tangu mwezi wa 3 wa mwaka 2022 hata mwezi wa 11 wa mwaka 2023 zililetwa njia 48, kwa dola 25 hivi, nao mchezo wenyewe ulikuwa na 48. Hakuna kisa ndani yake, wala shauri gumu la roho ya mtu. Lakini yule asiyekuwa nayo aweza kucheza njia hizo pamoja na mwenzake aliye nayo, na kelele ya watoto chumbani yatosha kuwa ushahidi.

Neno dogo kwa wenye haraka: pima kwanza umefika wapi. Nyongeza ya Elden Ring iitwayo Shadow of the Erdtree, iliyotoka mwezi wa 6 wa mwaka 2024 kwa dola 40, ni kazi kubwa na ya kutisha ya FromSoftware wa Tokyo. Ila mlango wake haufunguki mpaka umewashinda Radahn na Mohg katika mchezo wa kwanza, na Mohg amefichwa mbali. Wapo walionunua, wakasimama nje. Vivyo hivyo kwa wale wanaolipia mapema nyongeza ambazo hazijatengenezwa bado: ni kununua mbuzi ndani ya gunia. Hata CD Projekt tuliowasifu waliuza hati ya namna hiyo mwaka 2015, kabla hata mchezo wenyewe kutoka. Walitimiza ahadi, wengine hawakutimiza.

Jumapili iliyofuata ndugu yetu alimtuma kijana mwenyewe, na karatasi mkononi. Iliandikwa mistari miwili: Hearts of Stone, na chini yake, pointi za vifurushi vya mchezo wa mpira. Tulimweleza yote tuliyoandika hapa, kwa kifupi, naye alisikiliza kwa adabu, akichezea funguo zake. Mwishoni akachukua kalamu, akafuta mstari wa pili. Kisha akauliza kama ofisi ya parokia ina intaneti nzuri usiku, na kama sisi twaweza kumsemea kwa Padri.